Kufua cha Kale: Tahakiki ya Mashine Zinazoendeshwa

"Cha kale dhahabu," husema watu wetu, na sisi tunaojishughulisha na ushairi tumeipokea methali hii kwa wepesi mno. Tunaiandika katika dibaji za diwani, tunaitamka katika makongamano, na aghlabu tunaitumia kufungia mjadala badala ya kuufungua. Lakini methali, kama shairi, ina haki ya kuhakikiwa. Dhahabu ina sifa moja ambayo vitu vingi vya kale havina, nayo ni kuwa hailiwi na kutu. Mtu akiifungia kashani miaka mia, wajukuu wake wataikuta vile vile. Chuma si hivyo, wala wimbo si hivyo, wala lugha si hivyo. Vitu hivi vikifungiwa hufa, na yule aliyevifungia kwa mapenzi huwa ndiye aliyeviua.

Swali hili linasogezwa karibu nasi na jambo ambalo msomaji wa visiwani huenda akalicheka kwanza. Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaokusanya mashine kuukuu za kufulia nguo na za kuoshea vyombo. Hawatosheki na kuzipanga ukumbini na kuzifuta vumbi. Hukutana, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wao, wakaleta nguo chafu na sahani zenye mabaki ya chakula, wakafungulia maji na kuwasha umeme, kisha wakasimama kuizunguka mashine wakiitazama ikifanya kazi yake tokea mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaopenda Bendix, iliyotokea mwaka 1937 na kuhesabiwa kuwa mashine ya kwanza ya nyumbani iliyofua, kusuuza na kukamua kwa mfululizo bila ya kusimamiwa. Wengine huthamini Maytag za zamani, zenye roli mbili za mpira za kukamulia nguo, ambazo ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1983. Katika mji mdogo wa Eaton, jimbo la Colorado, profesa mstaafu Lee Maxwell alikusanya zaidi ya mashine elfu moja za kufulia, akazifungua moja moja na kuzitengeneza hata zikafanya kazi tena.

Tulitazame tendo hili kama tunavyotazama kazi nyingine yoyote ya sanaa, tuulize lina ubora gani na lina upungufu gani.

Ubora wake ni dhahiri. Watu hawa wamefahamu kuwa mashine ni mwendo, na kwamba umbo lililosimama ni sehemu ndogo tu ya mashine hiyo. Mzoefu miongoni mwao hutambua aina ya mashine kwa mlio wake, kama mpenzi wa taarabu anavyomtambua mpiga fidla kabla hajamwona. Mzunguko wa kufua una mpango wake. Maji huingia, nguo hulowa, husuguliwa, maji machafu hutoka, zikasuuzwa, zikakamuliwa, kisha kimya. Atakayeelezwa mpango huo kwa maneno atapata habari. Atakayeusikia ndiye atakayeujua. Hivyo ndivyo ilivyo kwa utenzi unaosomwa kwa macho na utenzi unaoghaniwa.

Upungufu wake nao si mdogo. Katika mikutano hiyo nguo inaitumikia mashine, ilhali mashine iliundwa kuitumikia nguo. Nguo huchafuliwa au hutafutwa ili chombo kipate cha kufanya. Zaidi ya hayo, mfuaji hayupo. Yule mwanamke ambaye mgongo wake ulipinda juu ya karai, na ambaye kwa ajili yake chombo hiki kilibuniwa, hana nafasi katika duara la watazamaji. Limebaki jibu, na swali limesahauliwa. Sanaa inayohifadhi jibu bila ya swali hupendeza, lakini haigusi.

Sitafuti mkutano wa namna hiyo Korogwe wala Handeni. Huko yapo mambo mawili yanayotoa funzo kubwa zaidi, na yote mawili yana mashine na maji ndani yake.

Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, Josephine Cochrane wa Illinois alionyesha mashine ya kuoshea vyombo ambayo alikuwa ameipatia hataza mwaka 1886. Mwaka huo huo, upande wetu wa dunia, Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge katika pwani ya Tanga. Miche 1,000 ilitolewa Florida, na 62 tu ndiyo iliyosalimika na kupandwa karibu na Pangani. Na katika mwaka huo huo kazi ya kujenga reli kutoka Tanga ilianza; reli hiyo ikafika Korogwe mwaka 1902. Kwa hiyo, wakati ambapo Marekani ilikuwa ikionyeshwa chombo cha kumpunguzia mtu kazi ya mikono, Tanga ilikuwa ikipandwa zao ambalo lingedai mikono isiyo na idadi.

Mikono hiyo ilitoka mbali. Watu walichukuliwa kutoka pande zote za nchi, na hata nje ya mipaka yake, wakafanya kazi kwa mkataba na kujulikana kwa namba zao. Ndiyo maana Kiswahili kikapata neno manamba, ambalo ni miongoni mwa maneno machungu kabisa tuliyoyatunga katika karne ya ishirini. Mnamo mwaka 1964 Tanganyika ilifikia kilele cha uzalishaji, takriban tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoipita. Mwaka huo huo kituo cha umeme cha Hale, katika wilaya ya Korogwe, kilianza kuyatumia maporomoko ya mto Pangani.

Katikati ya historia hiyo imesimama mashine moja, nayo ni korona. Jina hili limetokana na jina la mashine iliyotengenezwa na Krupp ya Ujerumani. Waingereza nao walileta za Robey kutoka Lincoln. Majani ya mkonge hukatwa kwa kisu na kufungwa mafungu ya majani thelathini thelathini. Hupelekwa kiwandani, yakapangwa kwenye mnyororo unaoyashika kiunoni, na pipa lenye bapa za chuma likazunguka kuyaponda na kuyakwangua upande mmoja, kisha pipa la pili upande uliobaki. Maji humwagwa muda wote. Nyama ya jani huondoka na maji, na singa hutoka mbichi, zenye rangi ya kijani kilichofifia. Hupelekwa kuanikwa juani kwenye nyaya, safu baada ya safu, kama kanga za ukoo mzima zilizofuliwa siku moja. Zikikauka hupigwa brashi, zikapangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Katika uzito wote wa jani, singa ni kama sehemu nne tu katika mia. Zilizobaki hugeuka tope na takataka, na ni takataka hizo zilizotumiwa huko Hale, katika miaka ya 2000, kutoa gesi na umeme.

Msomaji apime mwenyewe. Kuna kulowesha, kusugua, kusuuza, kukamua, kuanika. Korona ni mashine ya kufulia, isipokuwa nguo yake ni jani. Wala sisemi hivi kwa kutafuta tashbihi. Lugha yetu imelisema kabla yangu. Twafua nguo. Twafua nazi kwenye kifuo. Mhunzi hufua chuma. Na tokea umeme ulipoingia, wataalamu wetu hufua umeme. Kitenzi kimoja kimebeba kazi nne ambazo lugha nyingine huzitenganisha, na maana inayoziunganisha ni kukitoa kitu kilicho bora ndani ya kilichokizuia, kwa nguvu na kwa kurudia. Mwanamke wa Unguja au Pemba anayefukia makumbi pwani na baadaye kuyatwanga apate usumba wa kusokotea kamba, yumo katika maana hiyo hiyo. Mkonge wa Korogwe na makumbi ya Pemba ni ndugu kwa kazi kabla ya kuwa washindani kwa kamba.

Hapa ndipo lawama yangu kwa ushairi wetu inapoingia. Washairi wa pwani tumeipamba jahazi, asumini, mawimbi na pepo za msimu hata vimechakaa. Tumesifu nywele za singa katika beti zisizo na hesabu. Lakini singa iliyojaza meli katika bandari ya Tanga, na iliyowala vidole wengi walioilisha korona, imepata nafasi finyu mno katika tungo zetu. Tumeiachia riwaya, na riwaya nayo imeigusa kwa uchache. Sababu moja, nadhani, ni kwamba tumeihesabu mashine kuwa kitu cha wageni, na manamba kuwa watu wa bara, na mlio wa kiwanda kuwa kelele. Wakusanyaji wa Marekani, kwa upungufu wao wote, wametushinda kwa jambo moja: wamesimama kuusikiliza mlio.

Aidha, katika mashamba ya Tanga mashine za kabla ya uhuru ziliendelea kufanya kazi hadi karne hii. Baada ya kutaifishwa mashamba mengi mwaka 1967, kuporomoka kwa bei na kuingia kwa kamba za plastiki, kisha kubinafsishwa miaka ya 1990, palibaki mafundi waliochonga vipuri wenyewe kwa kuwa waliozitengeneza hawakuwepo tena kuvileta. Hao nao ni wahifadhi, ingawa hakuna aliyewapa jina hilo. Tofauti yao na mkusanyaji ni kwamba korona ikisimama hawakosi burudani, wanakosa riziki. Jani lililokatwa haliwezi kungoja; lisipochakatwa kwa siku moja au mbili, singa zake huharibika. Kwa mkulima mdogo wa Magoma, Mwelya au Ngombezi aliyejiunga na wenzake katika chama cha ushirika, ukuukuu wa mashine si uzuri. Ni siku za kungojea zamu huku jani likikauka. Basi mtu asije akamwambia mkulima huyo kuwa cha kale dhahabu. Yeye anajua kuwa cha kale ni chuma, na chuma hutaka grisi.

Jambo la pili liko Handeni, nalo linaanzia kwenye maji. Handeni ni nchi kavu. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa wa kuvuta maji ya mto Pangani kutoka wilaya ya Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi Handeni, na kwa miongo mingi afya ya pampu hizo ilikuwa ndiyo afya ya mji. Zikisimama, ndoo ilirudi kichwani. Tukiwa na haya mbele yetu, tutaona kuwa mashine ya kufulia, kuukuu au mpya, ni chombo kinachochukulia kuwa maji yapo. Mkusanyaji anapofungulia bomba ili mashine ya mwaka 1950 izunguke bila ya haja, anaonyesha utajiri mkubwa kuliko mashine yenyewe. Handeni kuna mwanamke ambaye maji ya kufulia, ya kupikia na ya kuogeshea mtoto ni maji yale yale, yakipita kazi moja hadi nyingine. Huo nao ni mzunguko, na una nidhamu inayostahiki ubeti wake.

Lakini Handeni imetupa pia mfano mkubwa kuliko mifano yote ya kuhifadhi kwa kutumia. Katika karne ya kumi na tisa Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Walioponyoka walijenga vijiji katika bonde la mto Juba, na humo, miongoni mwa watu wa lugha nyingine, wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi. Hawakuwa na kamusi, wala chuo, wala kabati la nyaraka. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walirejea kwenye ardhi ya babu zao wakapokelewa Handeni, wakapewa makaazi Chogo, na baadaye wengi wakapata uraia wa Tanzania. Walipozungumza na wenyeji walielewana. Lugha iliyotoka bila ya maandishi ilirudi hai baada ya zaidi ya miaka mia, kwa sababu moja tu: kila siku kulikuwa na mtu aliyeitumia kumwita mtoto, kuomba chumvi, kulia msiba. Ndugu zao wengine walipelekwa Marekani katika miaka ya 2000, na huko, kwa mara ya kwanza, wakaishi katika nyumba zenye mashine za kufulia. Mashine walijifunza kwa siku chache. Lugha yao ndiyo iliyo katika hatari mpya, kwani watoto wakiacha kuitumia, hakuna kanda ya sauti itakayoirudisha.

Turudi kwa washairi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya W. E. Taylor, na diwani ikachapwa mwaka 1940. Tunawashukuru waliokusanya. Lakini hawangekuwa na cha kukusanya lau watu wa Mombasa hawakuyaweka midomoni mwao muda wote huo. Kinywa kilitangulia, kabati likafuata.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Tusiwacheke wanaosimama kuizunguka mashine kuukuu, kwani wamejua nusu ya jambo ambalo sisi tunalisahau tunapoifungia miswada yetu makumbushoni na kuridhika. Nusu ya pili wanayo mafundi wa korona na Wazigua wa Chogo, nayo ni kwamba kitu hudumu kwa kuhitajiwa. Mwenye kuipenda tungo ya kale aighani palipo na watu, aifunze, aijibu kwa tungo yake, hata aikosoe. Na mwenye kutunga leo aende Korogwe kabla korona za kale hazijageuzwa chuma chakavu, awaulize waliozilisha maneno yao ya kazi na nyimbo zao, ayarudishe maneno hayo katika beti. Nguo isiyovaliwa haihitaji kufuliwa, na nondo hawaihurumii.