Upofu wa Milton

John Milton, mshairi wa Uingereza, alikuwa amepofuka kabisa kufikia mwaka 1652. Shairi lake la mistari 14 juu ya msiba huo halianzi kwa shukrani, bali kwa manung'uniko. Aogopa asije akahukumiwa kama yule mtumwa wa Injili aliyeificha talanta ya bwana wake ardhini. Maana mtu atafanyaje kazi gizani? Ndipo Subira amjibupo kwamba Mungu hana haja ya kazi ya mwanadamu, na kwamba hata asimamaye akingoja amri anatumika.

Wako wasomaji waonao katika jibu hili kukata tamaa. Mimi sikubaliani nao. Subira hamwahidi kuona tena. Amwondolea kiburi cha kupima thamani yake kwa kazi zake, na hapo ndipo apatapo nguvu. Wala kungoja kwake hakukuwa uvivu. Utenzi wake mkuu, Paradise Lost, uliochapishwa mwaka 1667, aliutunga kwa kuwatamkia wengine waandike. Giza halikumwondokea hata kufa kwake. Lakini katika giza hilo alitunga kazi ipitayo zote alizoandika akiona.