Gitaa Moja, Ngoma Tatu: Jinsi George Mukabi wa Kisa Alivyotunga

Watunzi wakubwa wa muziki wakitajwa, wengi wetu hukimbilia Bach na Beethoven, ambao kazi zao ziliandikwa karatasini zikatufikia nota kwa nota. George Mukabi hakuacha karatasi. Alizaliwa mwaka 1930 huko Kisa, eneo ambalo leo liko Khwisero katika kaunti ya Kakamega, akafariki 1963 akiwa kijana bado. Alichotuachia ni santuri, kila upande dakika tatu hivi. Humo mna mtindo wa gitaa aliouita omutibo, na humo mna ushahidi wote tunaouhitaji kumweka katika safu ya watunzi, pamoja na sifa ya mpigaji hodari ambayo hakuna anayemnyima. Leo nataka tuifungue kazi yake kama fundi anavyofungua redio, tuone kila kipande kinafanya nini.

Siri kubwa iko kwenye mkono wa kulia. Mpigaji wa omutibo hutumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba lina nyuzi nene, shahada ina nyuzi nyembamba, na hakuna kuzipapasa nyuzi zote kwa mara moja. Kila nota hung'olewa peke yake. Gumba hutoka uzi mmoja wa besi likaenda mwingine, likarudi, halichoki. Shahada huingia kwenye nafasi zinazobaki katikati. Ndiyo maana nota tatu za kordi ni nadra kusikika kwa mpigo mmoja. Huja zikifuatana, na msikilizaji ndiye anayezijumlisha sikioni mwake. Kordi zenyewe ni zilezile tatu za kawaida ambazo mtoto anayejifunza gitaa huzijua mapema. Mukabi hakutafuta utajiri kwenye wingi wa kordi. Aliutafuta kwenye namna ya kuzivunja na kuzigawa, kiasi kwamba mtu mmoja mwenye vidole viwili anasikika kama watu wawili wanaozungumza.

Mbinu hiyo ya vidole viwili haikuwa yake peke yake. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1930, aliitumia katika "Masanga", wimbo ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi. Miaka ya 1950 ilipokuwa ikiisha, Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walikuwa wamefika Nairobi, na magitaa yao yalisikika katika matangazo ya biashara. Ng'ambo ya bahari, kule Mississippi, mpiga gitaa John Hurt alikuwa na gumba lake lililotembea vivyo hivyo kwenye besi. Kwa hiyo wapo wanaomwona Mukabi kuwa mwangwi wa Kongo. Sikubaliani nao. Msikilize Mwenda, kisha umsikilize Mukabi mara moja baada yake. Kwa Mwenda, sikio huvutwa juu, kwenye nyuzi nyembamba, ambako shahada inasuka mambo ya ajabu. Kwa Mukabi, mara nyingi jambo la kusisimua liko chini. Besi yake haibebi tu wimbo mgongoni, inaimba. Kuna mahali unaweza kuipiga mluzi besi peke yake na mtu wa Butere akautambua wimbo.

Besi hiyo ilitoka wapi? Jibu langu ni kwamba ilitoka kwenye ngoma. Kakamega ndiyo nyumbani kwa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na vyuma vinavyolia. Hakuna ngoma kati ya hizo tatu inayopiga mdundo wote. Kila moja ina sehemu yake, tena sehemu fupi yenye kujirudia, na mdundo mzima huzaliwa pale zinapopishana. Ukimpa mtu ngoma ndogo peke yake, hutaijua isukuti. Sasa rudi kwenye gitaa la Mukabi. Gumba linashika kazi ya ngoma kubwa, lina hatua pana na nzito. Shahada inashika kazi ya ngoma ndogo, inajibu kwa haraka katika mapengo. Hakuna kati yao anayesema sentensi nzima. Mukabi alikuwa Mkisa, na Wakisa si Waisukha, lakini wote ni Waluhya, na katika nchi ya Waluhya midundo haikuwahi kuulizwa kipande njiani.

Imebaki ngoma ya tatu, nayo ni chupa.

Nazungumzia chupa ya Fanta ya zamani, ile ya kioo yenye mifuo ubavuni. Mpigaji wake huikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma, na mlio wake mkali hupenya juu ya gitaa bila kuligusa, kwa sababu gitaa halina sauti za juu kiasi hicho. Huu ni uamuzi wa kupanga vyombo, uleule ambao mtunzi wa okestra huufanya anapochagua pembetatu ya chuma badala ya ngoma nyingine. Tena chupa inafanya jambo ambalo wengi hawalitambui. Inapohesabu vipande vidogo vya mdundo bila kukosea, gumba linaachiliwa kutoka kwenye utumwa wa kutunza saa. Linaweza kuchelewa kidogo, kuwahi kidogo, kupanda ngazi na kushuka. Besi ya Mukabi inaweza kuimba kwa sababu kuna mtu mwingine anayehesabu. Katika Abana ba Nasery, kundi la Bunyore lililoendeleza mtindo huu, mgawanyo huo uko wazi kabisa: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa. Mfanye Okola anyamaze kichwani mwako, uone jinsi wimbo unavyolegea.

Juu ya yote hayo kuna maneno. Mukabi aliimba sana kwa Kiswahili, jambo lililomfikisha mbali kuliko Kisa, na masikio yake kwa lugha hii yalikuwa makali. Chukua jina la wimbo wake maarufu kuliko yote, "Sengula Nakupenda", uhesabu silabi zake: Se-ngu-la-na-ku-pe-nda. Mkazo wa kwanza uko kwenye silabi ya pili, wa pili kwenye silabi ya sita. Kati ya mkazo na mkazo kuna hatua nne kamili. Mtu akilitamka tu jina hilo kwa sauti ya kawaida, amekwisha kupata mwendo wa nne ambao gumba linaweza kuukanyaga. Sasa jaribu "Mtoto si Nguo", wimbo wake mwingine: M-to-to-si-ngu-o. Mkazo uko kwenye silabi ya pili na ya tano, hatua tatu. Mwendo umebadilika kabla gitaa halijaguswa. Mtunzi asiyejua Kiswahili hulazimisha maneno yaingie kwenye mdundo, nasi huchukia mikazo inapoangukia pasipostahili. Mukabi alianza na maneno yenye mdundo tayari.

Tena alikuwa na dakika tatu tu. Santuri ya siku zile haikuruhusu zaidi, na ukitazama jinsi alivyozitumia utaona nidhamu. Gitaa linafungua na kueleza mdundo wote, bila papara. Sauti zinaingia, mara nyingi mbili zikienda sambamba, moja juu na nyingine chini yake kwa umbali wa nota tatu, na hapo gitaa linapunguza maneno yake ili mashairi yasikike. Ubeti ukiisha, gitaa linarudi mbele na kusema kwa vidole kile ambacho waimbaji wamesema kwa midomo, likiongeza pambo hapa na pale. Kisha ubeti mwingine. Hakuna kipande cha kujionyesha. Kuna wapigaji wa gitaa wa leo, hodari kweli, wangejifunza mengi kwenye kujizuia huko.

Kilichofuata kinajulikana. Umeme ukaingia kwenye magitaa, twisti ya Daudi Kabaka ikatawala miaka ya 1960, na gitaa kavu likarudi vijijini. Lakini halikufa. Mwana wa Mukabi, Johnstone Mukabi, alilichukua gitaa la baba, Abana ba Nasery wakasikika hadi London mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2017 kampuni ya Olvido ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Mukabi kwa jina "Furaha Wenye Gita". Namshukuru kila aliyefanya kazi hiyo. Inaniuma, hata hivyo, kwamba mkusanyiko huo ulitolewa mbali sana na Khwisero.

Tofauti kati ya Mukabi na watunzi wetu wa kwaya iko hapa. Nyimbo za Kiluhya alizozipanga Arthur Kemoli ziliandikwa, kwa hiyo kwaya inaweza kuzisoma na kuziimba jinsi zilivyokusudiwa. Omutibo umeachwa uishi kwa bahati, kwa wazee wachache wanaokumbuka na vijana wachache wenye subira ya kukaa miguuni pao. Kazi inayotakiwa si kubwa kiasi cha kutisha: wimbo uandikwe kwa mistari mitatu, gumba mstari wake, shahada wake, chupa wake, na maneno juu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lina nafasi ya kuupokea. Maseno kuna idara ya muziki, na ni mwendo mfupi kutoka Kisa. Mwalimu wa muziki unayesoma haya ukiwa Kakamega, Butere au Mumias, tafuta rekodi ya "Sengula Nakupenda" muhula huu, mtafute na mzee anayejua kuupiga wimbo huo, uwape wanafunzi wako kazi ya kuandika besi yake.