Kitabu Gani Kiingie Gereji?

Wasomaji wetu mlio huku Bondeni na kwingineko ughaibuni, safari hii ukurasa wetu wa vitabu hauzungumzii riwaya wala diwani. Tunazungumzia vitabu vyenye alama za vidole vya oili. Mtatushangaa, lakini vitabu hivi navyo vina waandishi, vina mtindo, na vina msomaji ambaye mwandishi alimfikiria alipokuwa akiandika. Mara nyingi msomaji huyo si sisi, na sisi tumelijua hilo kwa gharama.

Habari ilianzia Joubert Park. Wanaoijua Johannesburg wanaikumbuka bustani ile karibu na Park Station, pamoja na jumba la sanaa lililochorwa na Edwin Lutyens na kufunguliwa mwaka 1915, wapiga picha wa mtaani, na uwanja wa sataranji ambao kete zake unazibeba kwa mikono miwili. Jumapili tunakaa pale Waswahili wachache, wa Tanzania, wa Kenya na wa Kongo. Mmoja wetu, mzee wa Moshi, alinunua Datsun 1600 SSS ikiwa imekufa kabisa. Sababu yake ilikuwa moja. Mwaka 1970 gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari mikononi mwa Edgar Herrmann, na yeye alikuwa mtoto wa shule, sikio kwenye redio ya jirani. Sasa ana presha ya macho. Alitaka aliendeshe mwenyewe kabla giza halijamfikia, na sisi tukamwahidi kwamba ataliendesha.

Hatukuwa na kitabu. Tulikuwa na kurasa sita za fotokopi kutoka kitabu ambacho jina lake tunalihifadhi, maana kosa lilikuwa letu. Ukurasa wa kukaza bolti za hedi ulionyesha namba 60 bila kipimo, kwa sababu kipimo kilikuwa juu ya jedwali, kwenye ukurasa uliotangulia, na ukurasa huo hatukuutoa kopi. Spana yetu ya kupimia ukazaji inasoma nyutoni-mita, basi tukakaza 60. Kumbe namba ile ilikuwa ya futi-pauni, na futi-pauni moja ni nyutoni-mita 1.356, maana yake tulitakiwa kufika 81 hivi. Injini iliwaka, tukapiga makofi. Siku ya tisa gasketi ikaungua, na hedi ya alumini ikapinda kwa joto.

Jumapili iliyofuata fundi wetu, kijana wa Mombasa, alimwendea mzee akiwa ameinamisha kichwa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa niambie, mnataka kitabu au mnataka makaratasi?"

Akarudi kwenye sataranji yake. Ndipo tulipoanza kutafuta vitabu kwa bidii na kuvisoma kama wahakiki.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba kitabu huchaguliwa kwa injini, si kwa gari. SSS ya mzee ina injini ya L16, yenye silinda nne za kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Vipimo hivyo hivyo vimo ndani ya L24, ila kule silinda ni sita, na L24 ndiyo injini ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971 kwa Herrmann tena, na mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mwenye SSS asipite akiona kitabu kimeandikwa Z kwenye jalada, na mwenye Z asidharau kitabu cha SSS.

Kitabu ambacho wengi wetu tulikuwa nacho akilini ni Haynes. John Haynes alitoa mwongozo wake wa kwanza wa gereji mwaka 1966, kwa ajili ya Austin-Healey Sprite, na heshima yake anastahili, kwani vitabu vyake vilijengwa juu ya kulifungua gari kweli kweli na kupiga picha hatua kwa hatua. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba haitachapa tena miongozo mipya ya gereji kwenye karatasi, hivyo nakala za zamani mzitunze. Lakini someni sauti yake. Anaongea na mwanamume wa Uingereza siku ya Jumamosi, mwenye banda la gari nyumbani na duka la vipuri mtaa wa pili. Kazi ikifika pagumu, msomaji huyo hupelekwa kwa mtaalamu. Sasa je, kama mtaalamu ni wewe mwenyewe, na foleni ya wateja iko mlangoni? Kuna pia ile tabia ya miongozo mingi ya kusema kwamba kurudisha ni kinyume cha kufungua. Kwa L16 maneno hayo hayatoshi. Ukitoa gia ya kemshafti bila kuibana cheni kwa kabari ya mbao, kikazio cha cheni kinachomoka huko chini, na unalazimika kuondoa kifuniko cha mbele cha injini ili kukirudisha. Kipande cha mbao kisicho na thamani yoyote kinaokoa siku mbili za kazi. Sisi tukipewa kitabu cha injini hii, tunatafuta kabari kwanza. Tusipoiona, tunakirudisha rafuni.

Mwongozo wa kiwanda wa Nissan ni tabia nyingine kabisa. Una namba zote na mipaka yote ya uchakavu, lakini ni mkavu kama taarifa ya polisi. Uliandikiwa mtu aliyekwisha kufundishwa na mwenye vifaa maalumu ukutani. Kama ni mwanafunzi, utakuambia beringi ipimwe, lakini hautakuambia ni kwa nini.

Kilichotufaa zaidi ni cha Tom Monroe, How to Rebuild Your Nissan & Datsun OHC Engine. Monroe ana subira. Anasimama kwenye kila kipande na kuuliza kama kinafaa kurudi au kitupwe, na anakuonyesha uchakavu unavyoonekana kwa macho kabla hujashika mikromita. Hatumsifu kwa kila kitu. Anapima kwa inchi, na sisi tulikaa usiku mzima tukigeuza elfu mbili za inchi kuwa milimita 0.05. Tena anaamini kwamba vipuri vyote vinapatikana kwa simu moja.

Mwenzake ni Frank Honsowetz, aliyeandika kitabu cha kuziongezea nguvu injini hizi hizi. Hiki ndicho vijana wetu walikipenda kuliko vyote, kwa sababu ya kabureta kubwa na kemshafti kali. Tulitaka kukiacha, maana mzee hakuomba nguvu za farasi. Hapo tulikosea, kwa sababu hedi iliyopinda lazima ichongwe, na ikichongwa kemshafti inashuka, cheni inalegea, na mpangilio wa valvu unachelewa. Gia ya kemshafti ina matundu matatu ya kurekebishia, lakini ukichonga sana, lazima uweke shimu chini ya vishikizo vya kemshafti, kisha utafute vipande vya juu ya valvu vyenye unene mwingine ili roka zisugue mahali pake. Mambo hayo tuliyasoma kwa utulivu katika vitabu hivi viwili, na katika cha mashindano yalikuwa wazi zaidi, kwani watu wa mashindano huchonga hedi kwa makusudi. Kwa A. Graham Bell na kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu injini za mipigo minne tuna neno moja tu, kwamba ni cha kusomea kitandani, na tunalisema kwa heshima.

Bado kuna jambo ambalo hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kilichotuandalia. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nairobi haiko mbali na hapo. Hewa hapa ina kama asilimia 82 ya mgandamizo wa Dar es Salaam au Mombasa. Kitabu kikisema silinda nzima isome pauni 170 kwa inchi ya mraba, hapa ukiona 140 usikimbilie kununua ringi. Tunaamini injini nzuri nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya namba iliyoandikwa pwani. Halafu petroli. Vitabu vya zamani vinachukulia kuwa ina risasi, na Afrika Kusini iliiacha mwaka 2006, nchi zetu nazo zikiwa zimefanya hivyo kufikia wakati huo huo. Hedi ya Datsun ina viti vya valvu vya kupachikwa, hivyo haikututesa sana. Mwenye injini ya zamani ya hedi ya chuma cha kuyeyusha aulize mapema.

Na Kiswahili je? Tulisoma kwa sauti, mmoja akishika kitabu na mwingine akigeuza papo hapo. Ile nafasi ndogo kati ya beringi na krenki Mombasa anaiita pleyi, na Mkongo wetu, kwa mazoea ya Kifaransa, anaiita mchezo. Tulicheka, kisha tukaanza daftari. Ukurasa wa kwanza tumeandika vipimo, jina la kila kimoja na namna ya kukigeuza kuwa kingine.

Tukiandika haya hedi imekwisha kuchongwa na shimu zimekaa. Tunasubiri vipande vya valvu. Mzee amekataa kusimuliwa, anataka asomewe kurasa zenyewe pale bustanini, na kila tukifika kwenye namba ananyanyua mkono. "Kwa kipimo gani?"