Besi Tatu Zimejaa: Duque Pale Fenway

Tarehe 7 Oktoba 2005, katika uwanja wa Fenway Park mjini Boston, Mkuba mmoja aliyebakisha siku nne kutimiza miaka 40 aliitwa kuja kuzima moto. White Sox ya Chicago ilikuwa inaongoza 4–3 katika raundi ya sita. Red Sox, mabingwa watetezi, walikuwa na wakimbiaji kwenye besi zote tatu, na katika raundi ile hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametolewa. Mkuba huyo ni Orlando Hernández, anayejulikana kwa jina la El Duque.

Kwa asiyeifuatilia besiboli, shida yenyewe ilikuwa hivi. Timu inayopiga haitoki mpaka watu wake watatu watolewe. Straiki tatu, yaani mipira aliyoizungushia gongo akaikosa au aliyoiacha ipite ndani ya eneo la straiki, zinamtoa mpigaji. Lakini mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo hilo bila mpigaji kuizungushia gongo, yaani boli nne, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila jasho, na besi zikiwa zimejaa anawasukuma wote mbele: aliye besi ya tatu anaingia nyumbani, pointi. Hata mpira wa juu ukidakwa mbali uwanjani, aliye besi ya tatu anaruhusiwa kukimbia mara tu unapodakwa. Kwa hiyo Hernández hakutakiwa kukosea nje, hakutakiwa kukosea ndani, na hata mpira uliodakwa vizuri ungeweza kumwadhibu.

Msimu wake wenyewe haukuwa wa kumpa mtu matumaini. Alishinda mechi tisa, akapoteza tisa, na kwa wastani aliruhusu pointi 5.12 katika kila raundi tisa. Kocha Ozzie Guillén alimchukua kwa hatua ya mtoano na kumwacha kijana Brandon McCarthy. Wengi waliona ni hisani kwa mzee. Mimi naona Guillén alijua anachukua nini, na kinaonekana ukiutazama mwili wa Duque kabla mpira haujamtoka mkononi.

Anaanza ameegemea mguu wa kulia. Goti la kushoto linapanda, linapita kifua, linakaribia kidevu. Wakati huohuo kiwiliwili kinageuka, na mpigaji anabaki anatazama mgongo na paja, wakati mpira umejificha nyuma yake. Kisha mwili wote unakunjuka kwa mkupuo. Mkono unaweza kutoka juu ya bega, unaweza kutoka ubavuni, na hakuna dalili ya mapema ya kukwambia ni upi. Kutoka kwenye kilima cha mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18 na ushee, na mpira wa kasi unafika chini ya nusu sekunde. Katika muda huo mpigaji anatakiwa auone, aupime, aamue. Duque alikuwa anamkata kipande cha muda huo mwanzoni kabisa, pale jicho linapotafuta mpira na kuukosa. Halafu alichezea mwendo: mmoja unakuja kwa nguvu, unaofuata unaelea chini ya kilomita 100 kwa saa, na gongo linafika mahali ambapo mpira bado haujafika.

Ufundi huo alikuja nao kutoka Havana, alikoichezea Industriales na kushinda mechi 126 dhidi ya 47 alizopoteza. Alikuwemo katika kikosi cha Kuba kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992. Mdogo wake wa upande wa baba, Liván, alipotorokea ng'ambo mwaka 1995, Orlando alianza kutazamwa kwa jicho la shaka, na mwaka 1996 akafungiwa maisha asicheze. Mrushaji bora wa nchi akawa anafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Desemba 1997 aliondoka kwa mashua, na Juni 1998 alikuwa kilimani akiichezea New York Yankees. Alitajwa kuwa na miaka 28, kumbe alikuwa na 32. Ukiujua umri huo wa kweli, mengi yanaeleweka: mkono wa kijana ulikuwa umebaki Kuba, na alichokiuza Marekani tangu siku ya kwanza kilikuwa akili.

Turudi Fenway. Wa kwanza alikuwa Jason Varitek, aliyeingizwa maalumu kupiga. Akaupiga mpira kwa chini, ukapanda wima na kudakwa nje ya mstari, karibu na besi ya kwanza. Huo ndio mpira wa juu usio na madhara, kwa sababu haukwenda mbali na hakuna aliyethubutu kukimbia. Wa pili, Tony Graffanino, alimtesa sana. Alikuwa anaugusa mpira na kuupeleka nje, mmoja baada ya mwingine, akisubiri mzee achoke na kulegeza. Mzee hakulegeza. Mwishowe Graffanino naye akaupandisha juu, mpira ukadakwa palepale ndani.

Akabaki Johnny Damon, aliyekuwa akipiga kwa mkono wa kushoto. Hesabu ikafika boli tatu, straiki mbili. Hapa warushaji wengi hutupa mpira ulionyooka katikati na kumwomba Mungu, maana boli moja zaidi ni pointi ya kusawazisha. Damon alijua hivyo, na Duque alijua kwamba Damon anajua. Akatupa slaida. Kwa mpigaji wa kushoto, slaida ya mrushaji wa kulia huanza kama straiki, halafu inamkatikia kwa ndani na kuzama kuelekea miguuni. Ule mpira haukuwa straiki hata kidogo. Damon angeuacha tu, mechi ingekuwa 4–4. Lakini gongo lilikuwa limeshaanza safari. Akajaribu kulizuia, lisizuilike. Straiki ya tatu.

Kila nikiutazama mtupo ule ninasimama pale gongo linapovuka. Umakini wa mkono ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba mtu aliamini hila yake kiasi cha kuiwekea mechi nzima rehani.

Hakutoka baada ya hapo. Alirudi raundi ya saba, akarudi ya nane, na Red Sox hawakupata kitu. Wenzake wakaongeza pointi moja, kijana Bobby Jenks akafunga raundi ya tisa, ikaisha 5–3 na Boston wakavuliwa ubingwa kwa mechi tatu mfululizo. Kabla mwezi haujaisha, Chicago hiyohiyo ilikuwa imetwaa ubingwa ambao White Sox hawakuwa wameugusa tangu 1917.