Kimya Kinachofutwa: Uhariri wa Sauti za Fasihi Simulizi katika Audacity, Reaper na Pro Tools

Ulinganishi wa programu za kuhariri sauti aghalabu huishia kwenye bei na wepesi wa matumizi. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, swali zito zaidi ni hili: fanani akikohoa katikati ya ngano na kikohozi kikafutwa, muda wake huenda wapi? Katika Audacity, mazoea ya tangu awali ni kuunganisha pande mbili za mkato. Kimya hutoweka pamoja na kikohozi. Reaper huacha pengo mpaka mhariri aamuru vinginevyo. Pro Tools humtaka achague: hali ya Shuffle huziba pengo, ya Slip huliacha. Tofauti hii si ya kiufundi tu. Kituo cha fanani hujenga taharuki na huipa hadhira nafasi ya kuitikia. Kukifupisha ni kuubadili utendaji wenyewe. Hata hivyo, Audacity haistahili kukataliwa, kwani hupatikana bila malipo. Kinachostahili ni mtafiti kuihifadhi rekodi ghafi na kueleza, katika sura ya mbinu za utafiti, kila mkato ulivyofanywa. Bila hayo, msomaji huchambua mapigo ya mhariri akidhani ni ya fanani.