Jinsi Mtu ni Afya Ilivyowashika Wanafunzi Wake, na Haja ya Msomi wa Mpanda

Mwalimu wa shule ya msingi akaaye Inyonga, Karema au Mishamo mkoani Katavi, ambaye amejiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na anasomea shahada yake kwa simu baada ya kazi za mchana, huambiwa na kila mtu kwamba atafaulu maadamu ana bidii; na akikatika njiani, hudhaniwa kuwa bidii ndiyo iliyompungukia. Dhana hii naiona ina nakisi kubwa, kwa kuwa bidii ni hali ya moyo, hupanda na kushuka, na hapana binadamu aliyeweza kuiamuru ikae mahali pamoja miaka mitatu. Kinachomfikisha msomi wa mbali ni utaratibu unaomshika hata siku ambayo moyo wake ni mzito, na nchi yetu iliwahi kuutengeneza utaratibu wa namna hiyo kwa ustadi ambao hadi leo haujathaminiwa vya kutosha.

Nakusudia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati Mpanda ilipokuwa ingali wilaya ya Mkoa wa Tabora. Kwa muda wa wiki 12, watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza kwa redio habari za malaria, safura, kichocho na maradhi ya kuhara, ilhali wengi wao walikuwa wakulima wasiokuwa na shahada ya kutarajia wala cheo cha kupandishwa. Jambo hilo halikuzuka ghafla. Kampeni za Kupanga ni Kuchagua ya mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970 na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971 zilikwisha kuwa majaribio, kila moja ikiifunza ile iliyofuata, hata waandalizi wakatambua kwamba sauti ya redio peke yake, iwe tamu namna gani, haimweki mtu darasani.

Basi tazama jinsi walivyoiunda kazi yao. Kipindi kilikuja kwa saa iliyojulikana, na aliyechelewa hakuwa na namna ya kukirudisha nyuma, kwa hiyo saa ile ikawa na haiba yake. Waliokuja kusikiliza hawakusikiliza peke yao, bali waliketi katika kikundi kidogo cha majirani, na kipindi kikiisha hufungua kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, anayejua kusoma akamsomea asiyejua, kisha wakajadiliana hali ya kijiji chao wenyewe. Juu ya kila kikundi palikuwa na kiongozi, na hapa ndipo penye siri kubwa ya mambo yote: viongozi hao, takriban 75,000, hawakuwa mabingwa wa tiba, walikuwa watu wa pale pale waliopewa mafunzo mafupi kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya na kutoka wilaya hadi kijijini, na kazi yao haikuwa kufundisha. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wamekuja, kitabu kimesomwa, na maneno yamezaa tendo. Maana kila mkutano ulitakiwa uishie kwenye azimio la kufanya jambo linaloonekana kwa macho, kuchimba choo, kufyeka majani au kufukia madimbwi, na inakadiriwa kuwa vyoo laki kadhaa vilijengwa nchini kutokana na kampeni hiyo.

Linganisha na masomo ya intaneti ya vyuo mashuhuri vya Marekani, Harvard na MIT, ambayo hayana upungufu wa walimu wala wa picha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 walioyamaliza walikuwa kama watu 3 tu katika kila 100 waliojiandikisha. Lakini miongoni mwa waliolipia cheti walimaliza 46 katika kila 100. Naona ada ile haikuwaongezea akili, bali iliwafunga kwa ahadi. Hao wengine waliachiwa uhuru kamili wa kusoma saa wapendayo, na saa ipendwayo aghalabu haiji.

Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kusomesha mwaka 1994, kilielewa jambo hili tangu awali, ndiyo sababu kikaweka vituo mikoani, na Katavi inacho chake Mpanda. Lakini kutoka Karema au Mpimbwe hadi kituoni ni safari ya gharama, na huko vijijini mtandao huja na kuondoka. Kwa hiyo yafaa msomi atumie kila fursa ya mtandao kupakua masomo ya wiki nzima, jambo ambalo programu ya Moodle ya simu huliruhusu, ili saa ya kusoma isiwe mateka wa mnara. Baada ya hapo atafute wenzake wawili au watatu wa somo lile lile, waweke siku na saa isiyobadilika, wakutane ana kwa ana au kwa simu, mmoja awe mwenye kuwaita, na kila mkutano uzae ukurasa ulioandikwa kwa mkono ambao wenzake watausoma. Kundi la WhatsApp la watu 200 halitoshelezi haja hii, kwa kuwa asiyeonekana humo hakuna anayemuulizia.

Nawasihi basi wanaosimamia elimu ya masafa mkoani Katavi wasimwachie kila msomi kubahatisha wenzake. Siku ile ile anapojiandikisha apangiwe kikundi na kiongozi wa kikundi, na kiongozi huyo apewe mafunzo mafupi ya kazi moja tu: kumfuata asiyekuja.