Kabla ya Tairi Pana, Uliza ni Tope Gani

Huku Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, mvua za vuli hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi mtupu. Mwenye pikapu anayekwenda kuchukua ndizi shambani hatafuti tairi pana. Hufunga minyororo kwenye tairi zake nyembamba, zikaupasua ule ute wa juu hadi zikaguse ardhi ngumu iliyo chini yake. Lakini shuka na barabara ya Embu mpaka Mwea, na ujuzi huohuo utakuzamisha. Udongo mweusi wa kule huvimba ukilowa, na tope lake huenda chini. Hapo tairi nyembamba ni kisu.

Kwa hiyo anayetaka kuvuna kwa mashine kwenye shamba bichi aanze na tope lake, kisha aje kwenye upepo. Upana ni wa tatu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi hubonyea mpaka ipate eneo la kutosha kubeba mzigo wake, kwa hiyo uzito inaoutwika kila sentimita ya mraba ya ardhi hukaribiana na nguvu ya upepo ulio ndani yake. Chukua kombaini ya ngano ambayo kila gurudumu la mbele limebeba tani 4.5. Upepo ukiwa kilo 2 kwa sentimita ya mraba, yaani kama pauni 28 kwenye geji ya fundi, tairi itakanyaga sentimita za mraba 2,250. Upepo ukiwa kilo 1, itakanyaga 4,500, na ardhi itapumua. Tairi pana ina faida kwa sababu inaweza kubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo bila kuumia ubavuni. Ukiinunua kisha ukaijaza mpaka ikawa ngumu kama jiwe, umetupa pesa zako. Ndiyo maana jedwali la mtengenezaji, linalotaja mzigo, mwendo na upepo, lina thamani kuliko ushauri wa muuzaji. Na mwendo usisahaulike: upepo unaofaa shambani huenda ukaiua tairi hiyohiyo barabarani.

Halafu kuna tangi. Kwenye miteremko ya Timau, kaskazini mwa Mlima Kenya, ngano huvunwa kwa kombaini kubwa za magurudumu. Tangi la lita 6,000 likijaa ngano huongeza kama tani 4.6. Tabaka la juu la udongo huumizwa zaidi na upepo mkali wa tairi, lakini kule chini, jembe lisikofika, kinachoshindilia ni uzito wa ekseli, na uzito huo hauondolewi na tairi ya aina yoyote. Shamba likiwa bichi, mwaga nafaka tangi likifika nusu, na trela ibaki pembeni kwenye ardhi ngumu. Hatua hii haina gharama ya tairi hata moja, nami ningeianza kabla ya kufungua pochi.

Mwea ndiko jambo hili linapopimwa kwa ukali zaidi. Skimu ile ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, ikigawanywa vipande vidogo vyenye matuta na mifereji. Mpunga wa msimu mkuu huiva Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijaisha. Hata mkulima aliyefunga maji mapema anaweza kuamka akute shamba limelowa tena. Chini ya tope kuna tabaka gumu, lililotengenezwa na miaka mingi ya kuvuruga udongo ukiwa na maji. Tabaka hilo ndilo linalozuia maji ya mpunga yasipotee, na ndilo linalobeba trekta msimu unaofuata. Gurudumu likilitoboa, pale pamekuwa shimo. Mwaka ujao trekta itazama palepale.

Kwa shamba la namna hiyo, tairi pana hazitoshi. Hata ukifunga mbili mbili kila upande, mashine itakuwa pana mno kwa kugeuka katikati ya matuta. Jibu la mpunga ni kombaini ndogo inayotembea kwa mikanda ya mpira, mfano wa katapila. Piga hesabu: mashine ya tani 3, mikanda miwili, kila mmoja ukigusa ardhi kwa upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 160. Eneo lote ni sentimita za mraba 14,400, na uzito ni kama kilo 0.2 kwa kila moja. Mtu wa kilo 70 anapotembea, unyayo mmoja wa sentimita za mraba 200 hukandamiza kilo 0.35. Mashine inakanyaga kwa wepesi kuliko kibarua mwenye mundu.

Mikanda ina adhabu zake. Barabarani haifai, lazima mashine ibebwe kwa lori, na ikigeuzwa ghafla hurarua shamba. Dereva ageuke taratibu, kwa duara kubwa, na asirudie njia aliyopita kwenye sehemu laini.

Wewe unayekodi mashine msimu huu, ingia shambani kabla dereva hajawasha. Tembea pekupeku katikati ya jaruba. Mguu ukizama kupita kifundo, usiruhusu kombaini ya magurudumu iingie, hata kama mwenyewe anakuapia kwamba tairi zake ni pana.